Vidole vya Papa Vidange

Hakuwahi kukupa kiganja. Ukimkaribia umenyoosha mkono, yeye alikunja ngumi kidogo, akaielekeza chini, akakuletea kifundo cha mkono ukishike. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote ambao mikono yao imelowa oili, na wewe uliye msafi unakitikisa kile kifundo, salamu imekwisha. Lakini wenzake walifanya hivyo wakiwa kazini tu. Yeye alifanya hivyo hata Jumapili nje ya kanisa, amevaa shati jeupe, kucha amezisugua kwa jivu hadi zinang'aa. Padri naye alipewa kifundo. Siku moja nilimwuliza kama anaogopa tutamwibia kiganja. Alicheka kwa pua.

"Infirmière, hii mukono iko ya kazi," akasema. "Haiko ya bonjour."

Aliniita hivyo, Infirmière, kwa sababu nilikuwa muuguzi wa chanjo. Nilipanda pikipiki na sanduku la barafu nyuma yangu, nikatoka Kisangani kwenda vijiji vya njia ya Yangambi, au kuvuka mto kwenda upande wa Opala, nikachanja watoto, nikarudi. Mwanamke juu ya pikipiki alikuwa kichekesho cha barabara nzima. Yeye hakucheka. Alinitazama mara ya kwanza, akaitazama pikipiki, akauliza nani kati yetu wawili anaumwa.

Watu wote walimwita Papa Vidange. Vidange ni neno letu la kumwaga oili chafu ya injini na kutia mpya, na yeye hakuwa na kazi nyingine aliyoifanya kwa moyo. Ukimletea taa iliyokufa au tairi lililopasuka alikutengenezea, lakini kwa uso wa mtu anayeosha vyombo vya nyumba ya jirani. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kujisimulia. Nilichokijua kwake kilianza kwenye vidole.

Karakana yake ilikuwa mtaa wa Tshopo, kando ya barabara inayoteremka kwenye daraja na bwawa la umeme. Ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, na chini udongo uliokunywa oili kwa miaka hadi ukawa mgumu na mweusi. Maporomoko yalisikika pale mchana kutwa. Papa Vidange alikuwa na tabia ya kuzungumza kwa sauti ya chini mahali ambapo kila mtu alipaswa kupiga kelele, kwa hiyo ulilazimika kumsogelea, na ukimsogelea alikwambia, "Bon, umekanyaga karatasi yangu."

Karatasi ile ilikuwa roho ya kazi yake. Ukifika na pikipiki, alikuagiza uiache iungurume kidogo ipate joto, maana oili iliyopoa huacha uchafu wake chini na kukuonyesha uso msafi. Kisha alifungua nati ya tumboni mwa injini, oili ikamiminika katika sufuria ambayo mke wake aliidai mpaka akachoka kudai. Ilikuwa sufuria ya harusi yao. Alichovya kijiti, akadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, akaiweka mahali penye jua, akaenda kunywa kahawa isiyo na sukari. Wenye haraka walikasirika. Nimewahi kumwona mwenye duka mmoja mwenye cheo kanisani akimtukana, naye akawa anapuliza kahawa yake tu.

Tone lilipokwisha kutambaa alirudi na kuinama. Likiwa limesambaa sawasawa, kijivu toka katikati hadi ukingoni, oili ilikuwa bado na maisha. Likibaki jeusi katikati na kukataa kusogea, oili imechoka. Duara pana la rangi hafifu pembeni lilikuwa petroli iliyopenya ndani. Ukingo ukiwa na meno meno, hayo yalikuwa maji, na hapo aliiacha karatasi akamgeukia dereva kutaka kujua ni mto gani aliouvuka huku injini inazama kama kiboko.

Baada ya karatasi ilikuja sumaku, aliyoing'oa katika spika ya redio. Aliipitisha ndani ya oili na kutazama imenasa nini. Unga laini wa chuma hakuujali, hata injini nzima hujisaga kidogo. Vipande vilimfanya anyamaze. Na mwisho kabisa vilikuja vidole. Alichukua oili kidogo katikati ya kidole gumba na viwili vya jirani, akafumba macho, akasugua polepole.

"Sumaku inakamataka chuma tu," alinieleza. "Piston haiko chuma, iko aluminium. Shaba pia, sumaku haiione. Hivyo vyote vinapita. Vidole ndio vinavikamataka."

"Na kama hakuna kitu ndani?"

"Alors unasugua, haisemi kintu. Huile muzuri haisemi kintu, Infirmière. Ile yenye kusema ndio iko na mugonjwa."

Nilijaribu mwenyewe mara nyingi. Kwangu oili zote zilikuwa utelezi tu, na yeye alifurahi sana kila niliposhindwa.

Pikipiki zetu zilikuwa za njia mbaya, za magurudumu marefu yenye meno, injini za mipigo minne. Kabla ya hizo mji ulizoea zile za zamani za mipigo miwili, ambazo unachanganya oili na petroli na zinaiteketeza zikitoa moshi. Hizi mpya hazikutoa moshi. Basi madereva wetu wakaamua kwamba hazili oili, na kitu kisichokula hakina haja ya kupikiwa. Wakakaa nayo ileile mwaka. Papa Vidange aliwafungulia injini zile, akawaonyesha tope lililoganda ndani, akawaeleza kwamba oili hiyohiyo moja inalainisha pistoni, inalainisha gia na inaogesha klachi, kwamba hakuna mfanyakazi anayefanya kazi tatu bila kuzeeka upesi. Waliitikia ndiyo Papa, ndiyo Papa. Wakaenda, wakarudi mwaka uliofuata na tope lilelile.

Kitabu kilichokuja na pikipiki kilitaja kilomita za kubadili oili. Papa Vidange alisema kitabu hicho kiliandikwa na mtu mwenye lami mlangoni kwake. Isitoshe, waya za kuhesabia kilomita zilikuwa zimekatwa zamani, watu wanafungia mizigo. Kwa hiyo alipima kwa njia. Kwenda na kurudi Yangambi wakati wa kiangazi, oili inaweza kungoja safari ya pili. Mvua ikinyesha, haingoji. Njia ya Opala, na ule mchanga wake na vijito vyake, oili inamwagwa ukirudi hata kama ni mpya ya jana. Ukizama hadi bomba la moshi, unaimwaga palepale ulipo. Nilizishika sheria hizi kuliko nilivyoshika amri za kanisa, na pikipiki yangu ikadumu kuliko za wenzangu.

Alikuwa na maadui, na wengi aliwatafuta mwenyewe. Kijana mmoja mchukuzi alileta injini iliyokataa kuwaka, na Papa Vidange hakuhitaji karatasi. Alifungua nati, akanusa, akakaa chini. Oili ya dukani ilikuwa imekwisha, na yule kijana alitia mawese, mafuta ya mboga ya mama yake, mekundu kama yalivyo, akaendesha mpaka yakaganda kwenye njia ya Bafwasende.

"Unapika makemba ndani ya moteur?" Papa Vidange alimwuliza, kana kwamba injini ni sufuria ya kukaangia ndizi. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Akawaita majirani wanuse. Mke wake alinusa na kusema kwamba yanakosa chumvi. Halafu, watu walipokwisha kutawanyika, nilimkuta ameshika ile pistoni iliyonata, na hakuwa anacheka tena. "Huyu mutoto hakukosea," akasema. "Njaa ndio inamufundisha." Akaisafisha injini ile nzima kwa petroli aliyoinunua yeye, jambo ambalo kijana hakulijua, maana alikwisha kumfukuza kwa matusi.

Ndivyo alivyokuwa. Ukali wake ulikuwa mdomoni, na hata huko haukudumu. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Kivu aliyekuwa na duka karibu na soko alimletea chupa mpya ya oili amwambie sifa zake, ili awaambie wateja. Papa Vidange alidondosha tone, akangoja, akasugua. Akamwambia mbele za watu kwamba oili ile imekwisha kufanya kazi katika lori, ikachujwa kwa kitambaa, ikafungwa upya. Yule bwana alikuwa Mkatoliki wa kweli, na zaidi ya hapo alikuwa ametapeliwa yeye mwenyewe, nilidhani atalia. Aliitoa shehena yote dukani. Tangu hapo hakuuza chupa bila kumletea Papa Vidange tone lake kwanza, nao wakawa marafiki wa kugombana kila Jumamosi.

Huyu mzee hakuwahi kudanganya juu ya oili. Juu ya mambo mengine yote alidanganya kwa raha. Alimwambia mke wake kwamba ameacha lotoko, pombe yetu kali ya mahindi, na chupa ya lotoko ilikaa nyuma ya sanduku la spana ambapo mama yule aliiona kila siku. Alisema amekula wakati hajala. Alisema mguu haumwumi huku anachechemea. Na kubwa kuliko yote, alituacha tuamini kwamba aliwahi kuwa dereva hodari, wakati ukweli ni kwamba hakujua kuendesha pikipiki, na aliziogopa. Alikwenda kwa miguu mji mzima. Nilipogundua na kumtania akasema, "Mi niko docteur. Docteur hapandake juu ya mugonjwa."

Sijui ni nani alianzisha habari ya vichupa. Nadhani ni muuguzi wa Yangambi. Sisi wa chanjo tulikuwa na vichupa vitupu vingi, vile vidogo vya kioo vyenye kizibo cha mpira. Mwenzetu aliyekuwa mbali, akiona injini yake imebadili sauti, alimimina oili kidogo ndani ya kichupa, akakifunga, akakipa mtu wa mtumbwi au wa baiskeli akilete Tshopo. Papa Vidange alikifanyia karatasi, sumaku na vidole, kisha akamrudisha mjumbe na neno moja. Neno lilikuwa "aende" au "asimame". Hakuongeza maelezo. Wauguzi walisimama katikati ya msitu kwa sababu ya neno lake, na wengine walikwenda, wakafika. Alivipanga vichupa juu ya ubao ukutani. Mke wake alisema nyumba yao imekuwa hospitali ya pikipiki, bila hata kitanda cha kulala wao.

Halafu vita. Mto ulifungwa, meli hazikupanda tena kutoka Kinshasa. Wenye silaha waligawana mji wetu, kisha wakapigana wao kwa wao juu ya vichwa vyetu, nasi tukalala chini ya vitanda na kuzika watu uani kwa sababu makaburini hapakufikika. Magari yalichukuliwa. Pikipiki zilichukuliwa. Mji ukawa wa baiskeli, hizi tunazoziita toleka, zilizobeba abiria, wagonjwa, mihogo, nguruwe wazima. Chochote kilichotoka nje kilikuja kwa ndege kutoka mashariki, na katika ndege hizo oili ya injini ilikuwa kitu cha mwisho kufikiriwa. Yule mfanyabiashara wa Kivu alileta tone lake la mwisho, akafunga duka, akaondoka.

Pikipiki za chanjo zilizobaki zilikuwa mbili, yangu na ya Yangambi. Yangu niliificha kwa masista, nikiitoa kwa kibali. Papa Vidange alituchujia oili yetu wenyewe kwa kitambaa cha kanga, akaiacha itulie juani, akaichota ile safi ya juu tu, akaturudishia. Alichukia kufanya hivyo. "Hii haiko vidange," alikuwa akisema. "Hii iko kuosha maiti." Lakini alikuwa na akiba. Dumu moja la oili nzuri, halijafunguliwa, lilikaa chini ya kitanda chake limefunikwa matambara. Lilikuwa la chanjo. Mke wake alimwomba aliuze wapate chakula, na hapo tu nilimsikia akimwambia hapana mwanamke yule.

Komanda mmoja alimletea pikipiki iliyokuwa inagonga. Haya niliyasikia kwa mke wake, maana mimi nilikuwa nimekwama njia ya Yangambi kwa wiki kadhaa. Papa Vidange aliifanyia yote, karatasi, sumaku, vidole, kama angefanya kwa mtu yeyote, na komanda alingoja kahawa inywewe.

"Commandant, bielle ilishaisha," akamwambia, yaani mkono wa pistoni umelika. "Hii moteur haiko na maisha."

"Tia huile mpya."

"Huile haifufuaka chuma."

Komanda hakupenda kuambiwa hivyo mbele ya askari wake. Wakapekua, wakalikuta dumu chini ya kitanda, wakaimimina oili ile yote waliyoweza katika injini iliyokufa na kuchukua iliyobaki. Papa Vidange aliendelea kuwaambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba wanaimwaga bure. Wakaondoka. Haikuchukua muda injini ikakwama kabisa kwenye barabara ya uwanja wa ndege, kama alivyosema. Komanda akarudi kwa miguu. Alisema fundi ameiroga. Waliiweka mikono yake juu ya jiwe la kunyooshea vyuma, wakaipiga kwa vitako vya bunduki.

Niliporudi, bandeji zilikwisha kutolewa. Vidole vilikuwa vimepinda, lakini nimeona vilivyopinda zaidi vikifanya kazi. Mimi ni muuguzi, nilimwambia anionyeshe, akunje, anibane mkono. Akaniletea kifundo.

"Ilishapona, Infirmière. Mi siko mutoto wa chanjo."

Nikakishika kifundo kama siku zote. Alianza tena kazi. Alidondosha tone, akangoja, akanywa kahawa akikishika kikombe kwa viganja viwili, jambo ambalo nililiona na kudhani ni baridi. Sumaku askari walikwenda nayo. Lakini alifumba macho vilevile, akasugua vilevile. Vichupa viliendelea kuja kwa toleka, naye akajibu. Sasa nikikumbuka, sikumsikia akisema "asimame" tena.

Surua ilishika vijiji vya Opala wakati wa mvua. Neno lilikuja kwa mtu wa baiskeli aliyeporwa njiani mpaka viatu, na alikuja kutuambia tu kwamba watoto wanakwisha. Chanjo tulikuwa nayo kidogo, imetufikia kwa ndege, imekaa katika jokofu la masista. Barafu yetu ingehimili siku chache. Kulikuwa na njia mbili. Tungeweza kugawa masanduku kwa watu wa toleka, wapokezane njia nzima mchana na usiku. Watu walikuwapo tayari, wenye miguu na moyo, na barafu huenda ingehimili. Au ningekwenda mimi kwa pikipiki, upesi zaidi, kama injini ingekubali. Oili iliyokuwamo ilichujwa sijui mara ngapi. Kila kitu kilikuwa kwenye neno lake.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye maporomoko. Karatasi haikukauka, tone lilibaki pale bila umbo, na jua la kuonyesha kama kuna unga wa aluminium unaong'aa ndani ya oili halikutoka. Akachukua oili katikati ya vidole vyake vilivyopinda. Akafumba macho. Alisugua kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Watu wa toleka walikuwa wamesimama na baiskeli zao wakingoja, na mke wake alikuwa mlangoni.

"Haisemi kintu," akasema. "Aende."

Wale wa toleka wakarudi makwao. Mimi nikavuka mto kwa mtumbwi pamoja na pikipiki, nikashika njia ya Opala.

Pikipiki ilikwama kabla sijafika hata nusu. Injini ililia mara moja, gurudumu la nyuma likagoma, nikaenda chini na sanduku langu. Jua lilikuwa limetoka wakati huo. Nilifungua nati, nikaacha oili ichuruzike kiganjani mwangu, na hakukuwa na haja ya ufundi wowote: iling'aa kama magamba ya samaki. Nikasugua. Hata mimi, ambaye maisha yangu yote nilisikia utelezi tu, nilisikia mchanga. Nilijaza kichupa kimoja, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Kisha nikakaa kando ya njia nikamngojea mtu yeyote apite, na aliyepita alipita keshokutwa yake.

Nilifika Opala nimebebwa kwa toleka na sanduku la maji ya vuguvugu. Muuguzi wa kule alifungua kifuniko, akatia mkono ndani, akakifunga. Hakuniambia neno baya. Alinipeleka nyuma ya kanisa akanionyesha udongo mpya, vilima vidogo vidogo, na mama mmoja aliyekuwa amekaa pale akainua macho kuniuliza kama chanjo imekuja. Nilimwambia haikuja. Sijui kama alielewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa naileta.

Nilirudi Kisangani kwa miguu na kwa mizigo ya watu. Nilikuwa na hasira iliyonitembeza. Nilimkuta Papa Vidange chini ya mabati yake, baiskeli imegeuzwa magurudumu juu, anapaka mnyororo wake mawese kwa unyoya wa kuku. Hakuna pikipiki iliyokuwapo, hakuna karatasi. Aliponiona alisimama, akakunja ngumi, akaniletea kifundo.

Sikukishika. Niliuchukua mkono wenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikaufungua. Nikafinya ncha ya kidole gumba kwa ukucha wangu, kwa nguvu, na kile cha pili, na cha tatu. Alikuwa ananitazama usoni, hajui nimefinya kipi.

"Toka lini?" nikamwuliza.

"Toka jiwe."

"Na siku yangu?"

Mke wake alikuwa ametoka, akasimama na ufagio. Nikaona kwamba yeye pia alikuwa anangoja jibu.

"Nilisugua, haikusema kintu," akasema. "Mi nikajiambia, kama haisemi kintu, donc iko muzuri. Nilisugua sana, Infirmière. Nilitafuta."

"Ulijua vidole vimekufa."

"Nilijua." Akautazama mkono wake ndani ya mkono wangu. "Kama mi nasema vilishakufa, alors mi niko nani hapa? Mutu wa kupaka baiskeli?"

Nikatoa kichupa mfukoni na kukiweka juu ya kiganja chake. Alikiinua juani. Oili ilitulia, na mng'ao ulionekana wazi kupitia kioo, na macho yake yalikuwa mazima.

"Batoto?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata habari ya yule mama nyuma ya kanisa, kwa sababu nilitaka aumie. Aliumia. Haikunisaidia chochote.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo mtu wa toleka alipoteremka barabara akipiga kengele, ametoka Yangambi, ana kichupa mfukoni mwa shati. Pikipiki ya kule imeanza kugonga, akasema, na muuguzi ana safari ya vijijini. Anauliza aende au asimame. Papa Vidange alikipokea kichupa, akakigeuza, akanipa mimi.

"Soma wewe."

Nilimimina tone katikati ya vidole vyangu, nikafumba macho kama alivyokuwa akifanya yeye. Punje zilikuwa nyingi. Nilisugua tena, nikitamani zipotee.

"Asimame," nikasema.

Yule mtu akauliza asimame mpaka lini, oili mpya itatoka wapi. Nikamrudishia kichupa. Alipanda baiskeli akarudi alikotoka, na pikipiki ya Yangambi, iliyokuwa ya mwisho, ikasimama, na haikuwaka tena mpaka vita vilipokwisha, na wakati huo kutu ilikwisha kuila. Mara ile niliyosema kweli, watoto wa upande ule nao walikosa chanjo, sawa na wale wa Opala waliokosa kwa uongo. Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa miaka, na sijapata mahali pa kuliweka. Yeye sijamsamehe. Wala haipiti wiki bila kumkumbuka kwa upendo, na mambo hayo mawili yanaishi ndani yangu bila kusalimiana.

Mke wake alivishusha vile vichupa ukutani siku hiyohiyo, akaiokota sufuria yake ya harusi, akaenda kuisugua kwa jivu. Papa Vidange alirudi kwenye mnyororo. Unyoya ulimponyoka, hakujua umemponyoka, akaendelea kupaka kwa vidole vitupu. Nikauokota nikamrudishia.

Nilipoaga alisimama, akakunja ngumi yake iliyopinda, akaniletea kifundo. Nilikitazama kwa muda, kisha nikakishika.